Mjomba, Huyu Bondia Nimemridhia

Mpenzi msomaji, binti yako akikwambia mchumba wake ni mwalimu, utasema alhamdulillahi. Akikwambia ni dereva wa malori ya Kongo, utauliza maswali mawili matatu kisha utanyamaza, maana mapene yanaonekana. Lakini siku akikwambia mchumba wake ni bondia, tena bondia wa ridhaa, yule asiyelipwa hata shilingi akipanda ulingoni, hapo ndipo utakapojua ukoo wako una wazee wangapi. Kila mmoja atatoka alikokuwa aje na neno lake.

Mimi yamenikuta, ndiyo maana naandika.

Naishi Chanika. Usidhani nasema ile ya Ilala, Dar es Salaam, wengi wanakosea hapo. Chanika yetu ni ya Handeni, mkoa wa Tanga. Ukishuka Korogwe unapanda gari lingine, hujasinzia vizuri umefika. Ni mji wa mahindi, jua kali na foleni za madumu ya maji. Nina kibanda changu cha kushonea si mbali na stendi, cherehani nimekodi, na kila mwisho wa wiki mwenyewe anakuja kuchukua chake hata kama wateja hawakuja.

Mchumba wangu ni mtoto wa Korogwe aliyehamia huku kutafuta maisha. Mchana anaendesha bodaboda ya mtu, jioni anapeleka hesabu kwa tajiri wake. Alfajiri, wakati wewe umelala fofofo, yeye anakimbia hadi Kideleko na kurudi. Nyuma ya nyumba aliyopanga kuna mwembe, na kwenye mwembe linaning'inia gunia la mazoezi. Ndani ya gunia lile mmejaa vipande vya vitenge na kanga ninavyobakiza kwenye cherehani. Kila harusi ninayoishonea hapa Chanika, mabaki yake yanaishia kupigwa makonde. Ndivyo tulivyofahamiana. Alikuja kuomba vitambaa, akarudi kuomba tena, mara ya tatu nikajua huyu hana shida ya vitambaa.

Kwetu Wazigua mjomba si mtu wa kupita njia. Baba anaweza kukubali, mama akafurahi, lakini mjomba akikohoa tu shughuli imesimama. Mshenga alipoleta barua ya posa, mjomba aliisoma, akaikunja, akaniita uani.

"Mpwa wangu, huyu bwana kazi yake nini?"

"Anaendesha bodaboda, mjomba."

"Hiyo nimeiona. Nauliza hizo ngumi. Analipwa kiasi gani?"

"Halipwi, mjomba. Anacheza ngumi za ridhaa."

"Yaani anapigwa bure?"

"Anapiga pia, mjomba."

"Mwanangu," akasema kwa upole kabisa, "hata ngoma ikipigwa, mwenye ngoma analipwa."

Mama alikuwa pembeni anapepeta mchele, akaangua kicheko mpaka ungo ukayumba. Mimi sikucheka. Mjomba akataja mahari pale pale: milioni moja na laki mbili, na muda ni mpaka mahindi yatakapovunwa. Kama hana, arudi kwao Korogwe na gunia lake.

Wiki haikwisha akatokea promota mmoja kutoka mjini, jina lake tuliache. Akamwambia mchumba wangu: ingia ngumi za kulipwa, pambano la kwanza raundi nne, laki tatu mkononi, ukishinda tunapanga jingine. Jioni ile alikuja kibandani kwangu, hata hajakaa, akasema, "Bibie, mahari yako nadhani nimeipata."

Hapo sasa ndipo ilipoanza patashika nguo kuchanika, tena Chanika yenyewe.

Kwa faida ya mwenzangu usiyezijua ngumi, nikueleze kidogo. Bondia wa kulipwa anapigana kifua wazi, ana promota, ana mkataba, na akipanda chati anaweza kufika raundi 12. Bondia wa ridhaa anavaa fulana, ya bluu au nyekundu, na anapigana raundi tatu za dakika tatu tatu basi. Majaji ni watano. Kwenye mashindano ya kimataifa hapangiwi mpinzani mmoja kama wa kulipwa. Anawekwa kwenye droo, anapimwa uzito asubuhi, anapigana, akishinda anarudi ulingoni baada ya siku chache na mtu mwingine, na akipoteza mara moja tu anafungasha. Ndani ya siku kumi anaweza kupigana mara nne. Wawili wanaoshindwa kwenye nusu fainali wote wanapewa shaba, hawapiganishwi tena.

Na usifikiri ni mchezo wa salama. Tangu 2013 wanaume wakubwa wamevuliwa zile kofia za kukinga kichwa kwenye mashindano makubwa. Mimi huwa naogopa, sitaki kudanganya. Akirudi na jicho limevimba, namkanda kwa maji ya moto nikiwa nimenuna, na hapa kwetu hata hayo maji ya kukandia ni ya kununua.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili timamu akubali hayo bila malipo? Swali la mjomba lilinikaa kichwani. Nikamfuata mzee mmoja anayewafundisha vijana ngumi hapa mjini, nikamuuliza. Akaniambia, "Binti, kabla hujamhukumu mwenzio, kamuulizie Titus Simba." Nikaulizia, nikasoma, na niliyoyakuta nakumegea.

Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Edinburgh, Uskochi. Titus Simba, Mtanzania, aliingia uzito wa kati, kilo 75, akawachapa watu mpaka fainali. Huko akakutana na kijana wa Liverpool wa miaka 19, John Conteh. Conteh akashinda, Simba akapewa medali ya fedha. Fikiria, nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka tisa ya uhuru. Dunia nzima haijui Tanganyika iliungana lini na Zanzibar, na kuna mtu amesimama pale juu na bendera yetu inapandishwa.

Miaka minne baadaye, Oktoba 1974, yule Conteh alikuwa bingwa wa dunia wa WBC uzito wa light heavy, ngumi za kulipwa, na jina lake likatapakaa kote. Walisimama ulingo mmoja usiku mmoja, lakini waliondoka kila mtu na fungu lake. Nilipomsimulia mjomba kwamba Simba alipata medali ya fedha, aliinua kichwa haraka.

"Fedha kiasi gani?"

"Si fedha ya kutumia, mjomba. Fedha ya medali."

"Haya," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Lakini sikukata tamaa. Nikamletea habari ya pili. Mwaka 1998 michezo hiyo hiyo ilikuwa Kuala Lumpur, Malaysia. Mtanzania Michael Yombayomba, uzito wa bantam, kilo 54, akawatoa wote mmoja baada ya mwingine akatwaa dhahabu. Ndugu msomaji, kilo 54! Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Mtu wa uzito huo ndiye aliyeupigisha wimbo wetu wa taifa ugenini, na hiyo ndiyo dhahabu pekee ya ngumi ambayo Tanzania imewahi kuipata katika Jumuiya ya Madola. Dhahabu zetu nyingine zote kwenye michezo hiyo zimeletwa na wakimbiaji, akina Filbert Bayi na Gidamis Shahanga.

Niliwauliza wateja wangu kumi kibandani, wote vijana kama mimi, kama wanamjua Yombayomba. Wawili walisema ni jina la bendi. Mmoja alisema ni mchezaji wa zamani wa Simba. Halafu ukiwauliza aliyevunja uchumba na msanii gani wiki iliyopita, wanakwambia mpaka rangi ya gauni.

Hapo nikaanza kumwelewa mjomba, na nikaanza kumwelewa mchumba wangu pia. Mjomba anaona mtu anakwenda kupigwa, harudi na hela, na mtaani hata jina halikumbukwi. Kwa hesabu za mjomba ni hasara mara mbili. Mchumba wangu yeye anaona kitu kingine. Anaona kwamba kuna nafasi ambayo huwezi kuinunua wala promota hawezi kukupa, nayo ni kuitwa kwa jina la nchi yako. Kulipwa unapigana kwa jina lako. Ridhaa, spika inasema "Tanzania" kwanza, jina lako linafuata.

Msije mkadhani natukana ngumi za kulipwa. Mkoa wetu wa Tanga ndio uliomtoa Hassan Mwakinyo. Septemba 2018 alikwenda Birmingham, Uingereza, kuziba pengo la mtu aliyejitoa, hakuna aliyempa nafasi, akamchakaza Sam Eggington raundi ya pili mbele ya watu wake. Siku zile hapa Handeni hata mabibi walikuwa wanarusha makonde jikoni. Na yuko Rashid Matumla, yule Snake Man, aliyepitia ridhaa, akaiwakilisha nchi kwenye Olimpiki, halafu ndipo akaingia kulipwa. Kwa hiyo njia ipo, na wengine wameipita vizuri.

Lakini angalia jambo hili. Miaka minne baada ya Mwakinyo, mji huo huo wa Birmingham ulipokea Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022. Yusuf Changalawe aliingia kilo 80, Kassim Mbundwike kilo 71, wote wa ridhaa. Kila mmoja akafika nusu fainali, kila mmoja akarudi na shaba. Ukiongeza fedha ya Alphonce Simbu wa marathoni, medali zote za Tanzania mwaka ule zilikuwa tatu. Maana yake mbili kati ya tatu zililetwa na watu wa ngumi za bure, hizi hizi zinazochekwa uani kwetu.

Michezo mitatu ya Jumuiya ya Madola iliyotangulia, 2010, 2014 na 2018, tulirudi mikono mitupu. Kwenye Olimpiki ndiyo usiseme. Medali zetu mbili ni za Moscow 1980, Bayi na Suleiman Nyambui, wakimbiaji wote. Ngumi bado. Selemani Kidunda alifika London 2012 akatolewa mapema, na Paris 2024 hatukuwa na bondia hata mmoja. Nafasi yenyewe ya kufika huko inagombaniwa kwenye mashindano ya kufuzu ambako bara zima linaleta wanaume wake, na ukichelewa kilo moja kwenye mizani umejitoa mwenyewe.

Ndiyo maana mabondia wengi wa ridhaa wanaofika mbali utakuta wana ajira majeshini. Kule mtu ana mshahara, ana chakula, ana muda wa mazoezi. Kijana wa mtaani kama wangu anagawana siku yake na pikipiki ya mtu. Alishawahi kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano, nauli tulichanga, mimi nikauza vitenge viwili nilivyokuwa nimejiwekea. Akapoteza kwa pointi, majaji watatu kwa wawili. Alirudi na basi la usiku, akashuka stendi saa kumi alfajiri, na saa kumi na mbili alikuwa barabarani anakimbia. Sikumuuliza kitu.

Basi tuirudie jioni ile ya laki tatu. Nilizima cherehani, nikamwambia akae.

"Unataka kuingia kulipwa?" nikamuuliza.

"Nataka kukuoa."

"Sikuulizia hilo. Nimeuliza ngumi."

Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Muda wangu bado. Nina miaka 22. Yule mzee anasema mkono wangu wa kushoto hauna adabu, unahitaji mwaka mwingine. Nataka nirudi Dar nikagombee tena timu ya taifa. Kulipwa nitaingia siku nikiwa tayari. Nikiingia leo, naingia kwa sababu ya deni la mjomba wako."

"Na mtu mwenye deni anapiganaje?"

"Anapigana vibaya, bibie. Anawaza hela, anasahau kuinua mikono."

Mpenzi msomaji, hapo ndipo nilipopata jibu langu, na jibu lilikuwa limekaa kwenye neno lenyewe muda wote. Ridhaa. Neno hili tunalisema kila siku bila kulisikia. Ngumi za ridhaa, maana yake mtu amepanda ulingoni kwa kuridhia mwenyewe, hakuna aliyemnunua. Na shehe akija kufungisha ndoa, kabla ya yote anatuma watu wamuulize binti: umeridhia? Bila ridhaa ya binti hakuna ndoa, hata mahari yajae ndoo. Sasa iweje ridhaa ya kwangu iwe heshima, ridhaa ya mwenzangu iwe wazimu?

Kesho yake nikaenda kwa mjomba kwa adabu zote, nikampelekea na nusu kilo ya sukari. Nikamwambia, "Mjomba, naomba kusema neno moja, usinikasirikie. Mahari katika dini yetu ni haki yangu mimi bibi harusi. Naomba niitaje mwenyewe."

Akashusha miwani. "Taja."

"Msahafu na cherehani moja. Iliyotumika haina neno, bora inashona."

"Cherehani?"

"Ndiyo. Nimechoka kukodi. Nikiwa na yangu, kile ninachompa mwenye cherehani kila wiki kitabaki ndani ya nyumba yangu. Yeye akiwa anatafuta jina, mimi nitakuwa natafuta unga. Siku jina likija na unga, tutakula pamoja. Lisipokuja, bodaboda ipo na cherehani ipo."

Mjomba akaniangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Na akija akapigwa akaharibika?"

Hilo swali, wenzangu, sikuwa na jibu la ujanja. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba kuna sharti nimempa na amelikubali: siku daktari akimwambia basi, ni basi, hata kama tiketi ya ndege iko mfukoni. Na kwamba hiyo hofu ninayo zaidi yake mjomba, kwa sababu uso huo nitauangalia mimi kila asubuhi. Lakini madereva wa malori nao wanapinduka Segera, na wachimbaji nao wanafukiwa, na hakuna mjomba anayewakatalia posa.

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Akasema atazungumza na baba. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa wanaomjua mjomba wangu, hiyo si haba, maana hapana yake huwa haichelewi.

Laki tatu ya promota hatukuichukua. Mchumba wangu alimpigia mwenyewe akamshukuru, akamwambia mlango asiufunge. Ameshaanza kuulizia cherehani kwa fundi mmoja wa Korogwe. Kwenye orodha ya michezo kumi ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026 ngumi zimo, na Olimpiki ya Los Angeles 2028 ngumi zimo pia baada ya mivutano mirefu ya viongozi wa dunia wa mchezo huo. Sisemi atafika. Kabla ya kufika kote huko kuna ule mkono wa kushoto usio na adabu, na kuna vijana wa majeshini waliokula wakashiba.

Wewe shoga yangu unayesoma haya saluni, na wewe kaka unayesoma kwenye daladala, ninalowaomba ni dogo. Ukipita asubuhi ukamwona kijana anakimbia peke yake barabarani, jasho linamtoka na hakuna anayemlipa, usimzomee. Pengine ana mchumba kama mimi, na ana mjomba wa kumshawishi. Na ukisikia mtu anauliza Michael Yombayomba ni nani, tafadhali usimwambie ni bendi.